Daktari, afisa lishe, mwalimu wa jimu au kocha wa afya: ukiwa Dodoma uende kwa nani?

Nilipimwa presha ofisini Mtumba, siku walipokuja watu wa afya kupima watumishi. Mashine ikaonyesha 146 kwa 92. Wakaniambia nirudie siku nyingine nikiwa nimetulia. Nikarudia kwenye zahanati ya karibu na ninapokaa, Ilazo, ikaja 148 kwa 94. Sukari kabla ya kula ilikuwa 6.5. Kwa sukari hiyo sikuwa bado mgonjwa wa kisukari, kwa kuwa mpaka wake ni 7.0, ila nilikuwa nausogelea. Presha yenyewe ilishavuka, kwani ikifika 140 kwa 90 na ikabaki hapo, daktari anaanza kuzungumza habari za dawa.

Mwaka mmoja na nusu uliofuata nilipita kwenye mikono minne: kliniki, yaani daktari pamoja na afisa lishe, mwalimu wa jimu, kikundi cha jogingi cha asubuhi, na mwisho kocha wa afya. Ofisini watu wamezoea kuniuliza, "Dada, huyo kocha wako kamzidi daktari?" Huwa nawajibu kwa kuwauliza na wao: wewe umekwama wapi? Asiyejua ana ugonjwa gani amekwama pengine kabisa na anayejua ugonjwa wake lakini hajui ale nini. Anayejua ale nini lakini mwili umelegea, magoti yanauma na hajawahi kufanya mazoezi, naye ana shida yake. Halafu kuna sisi wengine, ambao tunajua kila kitu. Karatasi ya mlo imebandikwa kwenye friji, viatu vya mazoezi viko mlangoni, dawa iko mezani, na usiku tunanunua chipsi mayai. Kila mmoja wa hawa anahitaji mtu tofauti, na akienda kwa asiye wake atapoteza fedha, na pengine akate tamaa.

Sentensi moja, majibu tofauti

Njia rahisi ya kuwalinganisha ni kueleza kila mmoja alinijibu nini nilipotamka maneno yale yale. Nilikuwa nasema: "Najua chipsi za usiku zinaniumiza, lakini nashindwa kuziacha."

Daktari alinisikiliza huku akiandika. "Mama, punguza chumvi na mafuta. Dawa hii umeze kila siku, usiruke. Urudi baada ya wiki nne tuone." Benchi la nje lilikuwa limejaa. Alichosema kilikuwa sahihi kabisa, na dawa ile namshukuru nayo hadi leo, kwa sababu presha haina subira ya kungoja mpaka tabia ibadilike. Lakini neno "nashindwa" lilipita hivi hivi bila mtu kulishika.

Afisa lishe alikuwa na muda zaidi. Alichora sahani: nusu mboga, robo ugali au wali, robo maharage, samaki au nyama. Akanionyesha kwamba chumvi ya siku nzima haitakiwi kufika gramu 5, karibu kijiko kimoja kidogo cha chai, tena ukihesabu na ile iliyomo kwenye chipsi, mkate na vile viungo vya pakiti. Halafu akaniuliza swali ambalo asingeuliza mtu asiyejua jikoni za huku: "Mlenda wako unaupika na magadi?" Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba magadi yana sodiamu kama ilivyo chumvi. Nilitoka pale nimejua mambo matatu ambayo sikuwa nayajua, na siku hizi mlenda naupika bila magadi. Chipsi sikuziacha.

Mwalimu wa jimu alikuwa kijana mchangamfu. "Usijali, mama. Tutazichoma hapa hapa. Kesho tunaongeza nusu saa." Alinifundisha kuchuchumaa bila kuumiza magoti na kunyanyua chuma bila kubana pumzi, na kwa mwenye presha hili la pumzi lina maana kubwa. Hesabu yake ya kuchoma ndiyo haikukaa vizuri. Sahani ya chipsi mayai inaliwa kwa dakika kumi, kuitoa mwilini kwa mazoezi ni kazi ya zaidi ya saa nzima, na mimi nilikuwa nafika jimu siku mbili kwa wiki.

Kwenye kikundi cha jogingi walicheka wote, kicheko cha mapenzi, na mama mmoja wa makamo akanishika bega: "Hata mimi. Wewe njoo Jumamosi." Basi. Sitaki mtu adharau jibu hilo. Lilinitoa kitandani saa kumi na moja na nusu alfajiri kwa majuma mengi, kwa sababu nilijua nisipotokea watanipigia simu.

Kocha alikaa kimya kidogo. Kisha: "Huwa unazinunua saa ngapi, dada?"

"Nikishuka basi la wafanyakazi. Saa moja na nusu hivi."

"Ukiwa na nani?"

"Peke yangu."

"Na siku ukiwa Dar, nyumbani kwako?"

Nikanyamaza. Nilihamia Dodoma pamoja na wizara, mume wangu na watoto wakabaki Dar kwa ajili ya kazi na shule. Ijumaa napanda treni, Jumapili jioni narudi. Nilipotafuta kumbukumbu ya siku niliyonunua chipsi usiku nikiwa Dar, sikuipata hata moja. Kumbe chipsi zile nilikuwa nazinunua kwa sababu mbele yangu kulikuwa na nyumba yenye giza, na kumpikia mtu mmoja nilikuwa naona ni kazi bure. Daktari asingeweza kuliona hilo, hata sahani ya afisa lishe isingelionyesha. Mimi mwenyewe sikuwa nimeliona.

Kocha hakuwazidi wenzake akili. Kazi yake ndiyo ilikuwa nyingine, na inafaa kueleza ni ipi, maana jina hili sasa linatumika ovyo.

Nyuma ya maswali kuna nini

Ukocha wa afya una mizizi inayojulikana. Mwaka 1983 mwanasaikolojia wa Marekani, William Miller, aliandika namna ya kuzungumza na watu wenye tatizo la pombe bila kuwasuta. Baadaye yeye na Stephen Rollnick wakaikuza hadi ikawa njia kamili ya mazungumzo. Msingi wake ni kwamba mtu anayetaka kubadilika na asiyetaka wanakaa ndani ya mtu mmoja. Ukimsukuma kuelekea mabadiliko, anatetea upande wa pili. Ukimwambia mlevi aache, atakutajia sababu za kunywa. Ukimuuliza pombe imemharibia nini na angependa maisha yaweje, ataanza yeye kutaja sababu za kuacha, na anachokitamka mtu kwa mdomo wake humkaa moyoni kuliko anachoambiwa.

Mwaka huo huo wa 1983, James Prochaska na Carlo DiClemente walichapisha utafiti wa watu waliokuwa wanaacha sigara wenyewe, wakaonyesha kwamba mabadiliko yana ngazi: kuna asiyefikiria kabisa, anayefikiria, anayetenda, na anayelinda alichokipata; ngazi ya anayejiandaa iliongezwa baadaye. Ushauri wa ngazi moja haumfai aliye ngazi nyingine. Anayefikiria tu ukimpa ratiba ya mazoezi ya siku sita kwa wiki, utakuwa umempa mzigo ambao hajaamua kuubeba.

Kocha aliyefundishwa hufuata mambo manne ambayo wewe mteja unaweza kuyaona waziwazi. Lengo ni lako. Anauliza maswali yasiyojibika kwa ndiyo au hapana. Anakurudishia ulichosema kwa maneno yake ili ujisikie ukisema. Na akiwa na la kukushauri, anaomba ruhusa kwanza. Wangu alikuwa akisema, "Kuna jambo nalijua kuhusu usingizi na presha, ungependa nikwambie?" Nikishakubali ananiambia kwa ufupi, halafu ananiuliza naona linanihusu vipi. Mara ya kwanza niliona ni adabu tu. Baadaye nikagundua kwamba kila ushauri niliouruhusu mwenyewe niliufanyia kazi, na ule niliorushiwa huko nyuma ulikuwa umeishia masikioni.

Jinsi kipindi kinavyokwenda

Kliniki ina mwendo wake: unapimwa, unapewa dawa, unarudi tarehe fulani, unapimwa tena. Jimu unalipa kwa mwezi na unafuata mazoezi ya siku hiyo. Ukocha una mwanzo, katikati na mwisho vilivyokubaliwa. Wangu ulikuwa wa miezi mitatu: kila wiki mwezi wa kwanza, kisha kila baada ya wiki mbili, nusu ana kwa ana na nusu kwa simu.

Kikao cha kwanza kilikuwa kirefu, zaidi ya saa. Tulianza na makubaliano: yeye ni nani na si nani, ataandika nini kunihusu, nani mwingine ataona. Kwetu hili wengi hulipita haraka, lakini Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na habari za afya zimo kwenye kundi la taarifa nyeti. Kocha anayetaja wateja wake kwa majina ili kujisifu ana kasoro kubwa hata kama anaongea vizuri namna gani. Akaniuliza dawa ninazomeza na daktari wangu ni nani, akaniomba nimwambie daktari kwamba nina kocha. Nilimwambia, na daktari akafurahi.

Baada ya hapo akaniuliza swali ambalo nilidhani ni la kupoteza muda: "Mwaka mmoja kutoka leo, siku yako nzuri inaanza vipi?" Nilijibu kwa kusitasita. Nikajikuta naeleza asubuhi ya Jumamosi, naenda sokoni na binti yangu, napanda ngazi za stesheni na mzigo bila kusimama kuvuta pumzi. Sikutaja kilo wala presha. Picha hiyo ndiyo tuliyoitumia miezi yote mitatu. Kila lengo tuliliuliza: linakusogeza kwenye ile Jumamosi?

Kutoka kwenye picha tukashuka kwenye malengo ya miezi mitatu, kisha kwenye hatua ya wiki. Hapa kuna kifaa kimoja kidogo nitakieleza kwa kirefu kwa sababu kila mtu anaweza kukitumia hata bila kocha. Nilipendekeza kuacha chipsi za usiku siku zote tano. Akaniuliza, "Kutoka sifuri mpaka kumi, una uhakika kiasi gani kwamba utaweza?" Nikasema nne. Nilitegemea aseme nne ni ndogo. Badala yake akauliza, "Kwa nini nne, isiwe mbili?" Ili nijibu ilibidi nitafute nguvu zangu: kwamba nilishawahi kuacha sukari kwenye chai, kwamba nina friji, kwamba maharage ya kuchemsha na mlenda navipenda tangu utoto. Kisha: "Nini kingeifikisha saba?" Nikasema, nikipunguza siku. Siku mbili, Jumatatu na Jumatano. Uhakika ukapanda hadi nane, na hapo ndipo tulipoanzia.

Giza la nyumba nililitafutia dawa mwenyewe. Nikishuka basi nampigia binti yangu, na hatukati simu mpaka nifungue geti. Kijana wa chipsi nampita naongea habari za hesabu za darasa la sita. Wiki ya kwanza nilifanikiwa siku zote mbili. Wiki ya pili nikafanikiwa siku tatu bila kupanga.

Wiki ya tano tukapata msiba Bahi. Siku nne za wali, soda, na kukaa kwenye mkeka. Nilipompigia kocha nilikuwa nimeshajiandaa kujieleza. Jimuni nilipokosa wiki nilikuwa naambiwa nimerudi nyuma, kliniki nilikuwa nasita kusema kweli. Yeye aliuliza, "Kule msibani, nini ulifanya ambacho zamani usingefanya?" Nikakumbuka kwamba nilimeza dawa kila siku, na kwamba asubuhi mbili nilitembea na wifi yangu hadi kisimani na kurudi. Tukaanza kutoka hapo. Wataalamu wa kazi hii wanalijua sana hili: mtu aliyeteleza akipokelewa kama mkosaji hujificha, na akijificha ndipo anapoacha kabisa.

Mwezi wa tatu tukafunga. Tulipitia picha ya ile Jumamosi, nikaandika ishara zangu za kuteleza na nitafanya nini nikiziona, na tukaagana. Wapo wanaokufanya uwahitaji maisha yote. Kocha mwema anakuandaa kuishi bila yeye.

Presha yangu sasa inacheza kwenye 128 kwa 82, na dawa bado nameza. Sitampa mmoja sifa yote. Dawa imefanya kazi yake, mlenda bila magadi umefanya yake, Jumamosi za jogingi zimefanya yake, na kocha aliniwezesha kuyafanya yote kwa pamoja kwa muda mrefu.

Je, kuna ushahidi?

Upo, na una mipaka yake. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002 ulichukua watu 3,234 ambao sukari yao ilikuwa imepanda bila kufikia kisukari. Kundi moja lilipewa vidonge visivyo na dawa ndani yake, jingine dawa ya kushusha sukari iitwayo metformini, na la tatu likasaidiwa kubadili mwenendo: kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki, kila mtu akiwa na mtu wake wa kumfuatilia, masomo 16 katika wiki 24 za mwanzo. Baada ya karibu miaka mitatu kwa wastani, hatari ya kuingia kwenye kisukari ilikuwa imepungua kwa asilimia 58 kwenye kundi la mwenendo, na asilimia 31 kwenye kundi la metformini, ukilinganisha na lile la kwanza.

Angalia lakini kwamba watu wale walipewa yote mawili: elimu na mtu wa kuwafuatilia. Kwa hiyo mtu anayetuambia kwamba maswali mazuri peke yake yanatosha, hana msingi. Na hesabu ya dakika 150 kwa wiki, ambayo ndiyo kiwango cha chini anachopendekeza Shirika la Afya Duniani kwa mtu mzima, ni kama nusu saa kwa siku tano za kutembea kwa haraka. Mtumba barabara ni pana. Kutembea saa kumi na mbili jioni wakati wa kusubiri basi kunawezekana miezi mingi ya mwaka, ukiondoa siku za upepo wa vumbi. Mchana wa jua la Dodoma sikushauri.

Mambo ya kwetu

Kuna kitu kilinisumbua mwanzoni, na najua kitawasumbua wengi. Sisi tumelelewa tukijua kwamba mwenye ujuzi huongea na mwenye shida husikiliza. Ukienda kwa mzee na tatizo, anakupa neno. Sasa ukimlipa mtu halafu akuulize wewe unaonaje, ni rahisi kufikiri hajui kazi. Shemeji yangu alimwacha kocha baada ya vikao viwili kwa sababu hiyo hiyo: "Nimelipa hela niulizwe maswali?" Kwake yeye naamini afisa lishe ndiye alimfaa. Alikuwa hajui ale nini, na mtu asiyejua anahitaji kufundishwa. Hakukosea kuondoka.

Umri nao. Kocha wangu ni mdogo kwangu kwa miaka mingi, na siku ya kwanza alinipa shikamoo kisha akaniuliza ningependa tuitane vipi. Tukakubaliana dada. Kama ningebaki "mama" asingethubutu kunikatiza, na kuna mahali nilihitaji kukatizwa. Ukiona heshima inaziba mdomo wa mmoja wenu, itajeni mapema.

Kubwa zaidi ni sufuria. Mbinu hizi zilizaliwa kwa watu wanaojipakulia wenyewe. Mimi siku za kazi ni hivyo, lakini mwenzangu wa ofisi anayekaa Nkuhungu na mume, watoto, mama mkwe na wapwa wawili hana mamlaka ya peke yake juu ya chumvi. Kocha akimwambia "lengo ni lako" bila kuuliza nani anapika na nani anaamua kinachopikwa, atamtengenezea ugomvi nyumbani. Ukiwa katika hali hiyo chagua kocha anayekubali kikao kimoja na mpishi wa nyumba awepo, au jiunge na kikundi. Hapo kikundi kinamshinda kocha wa mtu mmoja. Niliona kina mama wa jogingi wakibadilishana namna ya kupunguza mafuta bila baba kulalamika, na hakuna mtaalamu ambaye angewafundisha vizuri kuliko hivyo.

Mahali pa kuogopa

Daktari anasajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, na muuguzi na mkunga wana baraza lao. Jina la kocha wa afya mtu yeyote anaweza kujiandikia kwenye ukurasa wake. Marekani wana bodi ya kitaifa ya makocha wa afya, yenye mtihani tangu 2017, na kocha wa hapa anaweza kuwa amesoma kozi inayofuata viwango hivyo, au amesomea uuguzi au lishe kisha akaongeza mafunzo ya ukocha. Muulize. Mtu aliyesoma hafichi aliposomea.

Kabla sijampata huyu, nilimwendea mwingine aliyejiita kocha. Dakika ya ishirini alikuwa ameshafungua begi na kupanga makopo ya unga wa lishe mezani, na dakika ya arobaini aliniambia niache vidonge vya presha kwa siku 21 ili mwili usafishike. Niliondoka. Presha haiumi, ndiyo maana ni rahisi kudanganywa kuihusu, na kiharusi hakitoi taarifa. Anayekuuzia bidhaa ana lengo lake kwenye mazungumzo, hivyo lengo haliwezi tena kuwa lako. Na anayegusa dawa uliyoandikiwa na daktari amevuka mpaka ambao kocha wa kweli hausogelei.

Mpaka mwingine ni moyo ulioelemewa. Ukikosa usingizi wiki nyingi, kila kitu kimekosa ladha, au mawazo ya kujidhuru yanakuja, hilo ni la tiba, na ukocha hauliwezi. Dodoma tuna Mirembe, hospitali yenye wataalamu wa afya ya akili, na jina lake lisikutishe kwa sababu ya utani wa mitaani. Kocha mzuri akiona dalili hizo anasimamisha vikao na kukusindikiza huko. Maumivu ya kifua, kuona ukungu ghafla, mkono au upande mmoja wa mwili kulegea: hapo humpigii kocha wala mwalimu wa jimu, unakwenda hospitali saa hiyo hiyo.

Fedha, muda, na aliye mbali na mjini

Kliniki ndiyo nafuu kwa mwenye bima, ila inakula asubuhi nzima. Jogingi ni mchango mdogo na fulana. Jimu unalipa uende usiende, na wengi wetu hatuendi. Kocha analipwa kwa kipindi. Uliza gharama ya miezi yote mitatu kwa pamoja, maana bei ya kikao kimoja huonekana ndogo. Ukiona inazidi uwezo wako, ukocha wa kikundi cha watu sita hadi kumi hugawana gharama, na kwa tabia za chakula sioni kama unapoteza mengi.

Ukiwa Mpwapwa, Kongwa au kijijini Chamwino, uliye naye karibu ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Serikali ilizindua mpango jumuishi wa wahudumu hawa Januari 2024. Huyo si kocha, lakini anakujua, anajua nyumba yako na kisima chako, na anaweza kurudi. Mwombe jambo moja: akija asikague tu, akuulize wiki hii utafanya nini na uhakika wako ni ngapi kati ya kumi. Nusu ya ukocha iko kwenye swali hilo na kwenye kurudi kuuliza lilikwendaje.

Kwa hiyo nani aende wapi

Hujapima chochote na una zaidi ya miaka 40: anza na kituo cha afya, mengine yote yasubiri. Umegundulika mwezi huu na hujui ule nini: afisa lishe, na nenda na anayepika. Unataka kuanza mazoezi, mgongo au magoti yana historia: mwalimu wa jimu mwenye mafunzo, baada ya daktari kukuruhusu. Unajua la kufanya, unaweza kulifanya, tatizo ni upweke: kikundi, wala usilipe zaidi ya hapo. Nimeona watu wakilipa kocha wakati walichokosa ni wenzao wa kutembea nao.

Umejaribu mara tatu na kila mara umerudi ulipokuwa, na hujui kwa nini: hapo ndipo kocha anastahili fedha yako. Mpigie kabla ya kulipa, umweleze shida yako kwa dakika tano, kisha usikilize atakavyoanza kujibu. Mmoja atakupa mpango wa siku 30 papo hapo. Mwingine atakuuliza jambo ambalo itabidi unyamaze kidogo kabla ya kulijibu.